Vitabu Hamsini vya Chathu

Katika banda letu la bidi, zile sigara ndogo za majani, hapa Kannur, kusini mwa India, mikono hukunja majani na tumbaku kutwa nzima, lakini masikio hayana kazi. Kwa hiyo mmoja wetu hukaa kitini na kutusomea. Asubuhi gazeti, mchana hadithi. Tunalipwa kwa idadi, basi sisi wengine humchangia bidi zetu ili ujira wake usipungue.

Mwezi wa kwanza, msomaji wetu Kumaran alisema, "Macho yangu yamechoka. Mwaka ukiisha nashuka hapa. Tafuteni mtu."

"Tukimkosa?" tukauliza.

"Msimamizi ataleta redio yake."

Tuliguna. Redio ile hukoroma kuliko mzee mwenye mafua.

Chathu, mkunja bidi mwenzetu, akasimama. Aliacha shule darasa la nne, lakini alikitamani kiti kile tangu ujana. "Mwaka huu nasoma vitabu hamsini," akasema. "Halafu kiti ni changu!"

Mkunja bidi hupimwa kwa idadi, basi Chathu naye akapima vitabu hivyo hivyo. Maktabani alichukua vyembamba tu. Alipitisha macho, akafunga, akachora mstari kwenye ukuta wa jiko. Mkewe, Naani, alichoka naye.

"Baba Sindhu, hicho cha jana kilisema nini?"

"Kina picha ya tembo."

"Nimekuuliza kilisema nini!"

"Usinicheleweshe, mama. Bado thelathini na kimoja."

"Endelea kunichafulia ukuta, basi. Kichwani hamna kitu."

Mwezi wa tano Kumaran akampa kiti ajaribu. Chathu alisoma neno, akakwama. Akasoma jingine, akakwama tena. Habari ya bei ya nazi ikageuka kitendawili.

"Leteni redio!" mtu akapiga kelele. Banda zima likacheka. Na mimi nilicheka, sifichi.

Jioni ile Chathu aliingia maktaba ya kijiji amevimba kwa hasira. Akamwambia Rohini, mtunza vitabu, "Vitabu vyako havifai! Nimesoma kumi na tisa na bado naaibika."

Rohini alifungua daftari la maktaba. "Kaka Chathu, hapa kuna vitabu vya watoto, cha mapishi, na cha magonjwa ya ng'ombe. Una ng'ombe?"

"Sina."

"Sasa ulikisoma cha nini?"

"Kilikuwa chembamba."

Rohini akashika kichwa. "Ewe kaka! Bidi zote ni sawa, ndiyo maana zinahesabiwa. Vitabu havifanani. Hebu niambie, unataka uweze kufanya nini?"

"Kusomea watu nusu saa bila kukwama."

"Hilo ndilo lengo lako. Hiyo hamsini uliitoa hewani. Chagua kitabu unachokipenda. Kila siku soma kurasa tano, kwa sauti, mtu akikusikiliza. Ukimaliza, mwambie ulichoelewa. Kitabu kikikuchosha, rudisha, si dhambi. Ukikosa siku moja, usifidie kwa kurasa kumi. Kesho anza na tano zako."

"Kwa mwendo huo nitamaliza vingapi?"

"Labda vitano."

"Vitano! Watanicheka."

"Si wameshacheka? Una nini tena cha kupoteza?"

Chathu alichukua hadithi ya ndugu wawili wavuvi waliogombania shamba la baba yao. Kila jioni, kabla ya muhogo na mchuzi wa samaki, alimsomea Naani. Mwanzoni ilikuwa adhabu kwa wote wawili.

"Unasoma kama mwenye kidonda mdomoni," Naani alisema. "Rudia!"

Alirudia, akinung'unika. Siku ya homa hakusoma. Kesho yake akaendelea na tano. Baada ya mwezi mmoja, alipofunga kitabu, Naani alimshika mkono.

"Unafunga wapi? Yule ndugu mdogo amepigwa au hakupigwa?"

"Kurasa tano zimeisha."

"Baba Sindhu, usinitie wazimu. Soma!"

Mwaka ulipoisha, Chathu alikuwa amemaliza vitabu vitano kwa njia hiyo. Siku ya kujaribiwa tena alipanda kitini, akafungua cha sita. Mwanzoni alisoma polepole. Kisha sauti ikanyooka, na hadithi ikatuchukua. Nusu saa ikapita.

"Chai!" msimamizi akaita kutoka mlangoni.

Hakuna aliyeinuka.

"Jamani, nimesema chai!"

Kumaran alikuwa ameketi chini kwenye mkeka pamoja nasi, jani mkononi.

"Nyamaza wewe," akasema. "Tunasomewa."