Kamba ya Meli kwa Ubao wa Faith

Kwanza kamba ilirefuka. Faith alikuwa amesimama juu ya ubao wake wa kuteleza majini, boti ya mjomba wake Ziro ikimvuta mbele ya Mtongwe, na kila Ziro alipoongeza mwendo kamba ilizidi kurefuka. Halafu ikajirudi kwa mkupuo. Wapo watu Mtongwe wanaoapa kwamba Faith aliruka hewani, akapita juu ya kichwa cha mjomba wake na kumpa shikamoo. Tusizidishe. Alipita ubavuni mwa boti, na shikamoo hakutoa. Aliangukia bega.

Kamba ikalegea, ikazama, maana nailoni haielei. Propela ikaimeza. Mashine ikakohoa, ikanyamaza.

Kamba ile aliileta Kioko, jirani yao mtu wa Kitui, aliyeketi botini kumwangalia Faith. Kazi yake ni kufunga meli bandarini, na kwake kamba njema ni ile inayonyumbuka, kwani meli gatini haitulii. Ziro alikuwa na kamba yake ya plastiki, nyepesi, inayoelea na isiyovutika. Kioko aliicheka. "Hiyo tuanikie nguo. Yangu imeshika meli, itashindwa na Faith?" Ilikuwa zawadi, na Ziro si mtu wa kukataa zawadi mbele ya aliyeitoa.

Walimpandisha Faith.

"Mkono unausikia?" Ziro akauliza.

"Nausikia kuliko nitakavyo, mjomba. Bega limeteguka."

Kioko akavua shati, wakamfungia mkono kifuani. Kisha Ziro akashuka majini na kisu. Nailoni ilikuwa imejiviringa kwenye propela na kuyeyuka, imekuwa jiwe. Kisu kilichubua tu.

Maji yalikuwa yakipwa kwa nguvu. Nanga waliiacha ufukweni ili boti iwe nyepesi, pamoja na simu, zisilowe. Kafi lilikuwa moja. Mkondo uliwabeba hadi Likoni, wakapita nyuma ya feri iliyojaa watu. Kioko akapunga mikono yote miwili. Watu wakampungia, wengine wakapiga makofi.

"Wanadhani tunastarehe," Faith akasema.

"Punga kwa huzuni kidogo, Kioko," Ziro akamwambia. "Wewe unapunga kama mgombea kiti."

Mbele hapakuwa na kitu tena ila mlango wa bahari, na nje yake mawimbi yasiyokwisha. Chupa ya maji ilikuwa nusu. Ziro akampa Faith funda moja, akaifunga.

"Tusiposimama kabla ya kuupita mwamba wa mlangoni," alisema, "jua la kesho litatukuta Pemba, likitukuta."

Kioko alikuwa akiitazama mashine. "Kamba haitoki kwenye propela?"

"Haitoki."

"Hata tukiivuta?"

"Hata ukiivuta wewe na gati lako lote." Ziro akaigeukia mashine. Akaelewa: mashine yenyewe, na kamba iliyoinasa, ingekuwa nanga. Mashine ile alikuwa akiipaka mafuta kila Jumamosi kama mtoto mchanga. Akachukua spana.

Walifungua skrubu zilizoishika mashine botini, Ziro upande huu, Kioko ule. Faith alikaa mbele, akitazama rangi ya maji. Bluu nzito. Bluu nzito bado. Kisha upande wa kulia maji yakageuka kijani, mwamba ukiwa karibu chini yake.

"Sasa, mjomba."

Wakaiangusha mashine. Kioko akauzungusha mwisho wa kamba kwenye kigingi cha mbele, fundo la gatini. Chini mashine ikaburuzika, ikaruka jiwe, ikanasa. Wimbi likainua boti, kamba ikarefuka, ikarefuka, ikajirudi polepole. Likaja jingine. Kamba isiyovutika ingeking'oa kigingi pamoja na mbao zake. Hii ilinyumbuka tu, mchana kutwa, mpaka midomo yao ikapasuka na chupa ikakauka.

Boti ya marubani wa meli iliwaona ikirudi bandarini.

"Kateni hiyo nanga!" mmoja akapaza sauti.

Kioko akashika kisu, hakukata. Akamwangalia Ziro.

"Kata," Ziro akasema. "Imeshatulipa."

Wakarushiwa kamba ya kuvutwa. Kioko, mwenye kazi yake, aliidaka, lakini hakuifunga. Akampelekea Faith.

Faith akaikanyaga kwa mguu, akaivuta kwa mkono mzima. "Inavutika," alisema.

Kioko akangoja.

"Kwa boti inafaa. Funga."