Makaa ya Antonia

"Mzigo unaondoka leo saa sita. Ukifungua tenga lisilohusika, mwenye mzigo atashtuka na Rodgers atauawa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mkuu."

Editha alizima simu ya setilaiti, akaificha chini ya samaki wa perege kwenye ndoo.

Kisiwa kilikuwa kidogo, katikati ya bwawa la Mtera. Miamba, upepo, vibanda vichache. Editha, jasusi kutoka Dodoma, alijifanya mnunuzi wa samaki. Rodgers, jasusi mwenzake na mchumba wake, alitangulia mwezi mzima, akijifanya kibarua.

Wachuuzi watatu walikuwa wakifunga matenga ya samaki wa moshi. Mmoja wao alikuwa ameficha humo meno ya tembo ya kuwauzia wageni kutoka nje ya nchi.

Yupi?

Rodgers hakujua.

Alikuwa anakunywa chai kwa Antonia, mama lishe wa kisiwa.

Editha aliinua darubini yake ya Bushnell; upepo ulimletea sauti zao.

"Shemeji, leo umechelewa," Antonia alicheka. "Ulimuota nani?"

"Nimekuota wewe na maandazi yako."

Editha aliuma meno.

Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Kisiwani kuni zililetwa kwa mtumbwi, kwa hiyo moto uliwashwa mahali pamoja tu, jikoni kwa Antonia. Mtu akitaka kupika au kubanika samaki, alikwenda kwake kuomba makaa. Tangu afike, Editha hakuacha kulichungulia jiko lile. Si kwa ajili ya kazi. Kwa wivu.

Aliwajua wote waliokwenda pale. Kati ya wale wachuuzi watatu, Iddy alikwenda na kopo lake. Hassani alikwenda na kigae.

Octavian?

Hakuwahi kukanyaga pale.

Editha alishusha darubini. Octavian alikuwa na matenga mengi ya samaki wa moshi kuliko wote.

Aliteremka ufukweni mbio. Octavian alikuwa anapakia boti.

"Kaka, hawa umewabanika wapi?"

"Hapa hapa, dada."

"Kwa makaa ya nani?"

Mkono wa Octavian ukaruka kiunoni.

Alikuwa amechelewa.

Editha alimpiga teke la goti. Kasia la kichwa. Bastola ikatumbukia majini. Octavian alipoinua uso, Glock ya Editha ilikuwa inamtazama.

Rodgers alifika akihema, akapasua tenga. Chini ya kambare wachache, meno ya tembo.

"Chui kwa Kituo," Editha alisema redioni. "Mzigo tunao. Leteni boti ya doria."

Octavian alipochukuliwa na askari, Antonia alisogea, mikono kiunoni.

"Kumbe wewe ni serikali! Na huyu shemeji yangu unamfahamu?"

Editha alimtazama Rodgers. Alikuwa na unga wa maandazi kwenye ndevu.

"Kikazi tu."

Aliingia kwenye boti yake, akawasha Yamaha.

"Editha! Ningoje, mpenzi, twende wote!"

"Imejaa."

Ilikuwa tupu.

Alivaa miwani ya jua, akaelekea ng'ambo bila kugeuka.