Alitibiwa kwa Mwanga

Asteria alitunga uzi kwenye sindano akiwa amefumba macho. Melania, fundi mwenzake wa cherehani ya pili, alidhani ni mzaha. Akamwona anatunga tena vilevile. Mara ya tatu Melania alibeba kiti chake akaenda kukaa upande wa pili wa baraza, karibu na watu.

Baraza lenyewe lilikuwa la duka la vitambaa la mzee Ishwarlal, pale Nyasubi, mjini Kahama, mwaka 1998. Asteria alikuwa ameshona hapo miaka kumi na sita. Tangu alipovuka arobaini, sindano ilianza kumkimbia: akiisogeza karibu inakuwa mbili, akiipeleka mbali mkono unaisha. Sare za shule, zilizokuwa zake miaka yote, zikaanza kupelekwa kwa Melania. Mume alikwisha kwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu, akachimbua mwanamke mwingine. Cherehani ndiyo ilikuwa imebaki.

Kisha Bhavna akarudi kutoka Bombay.

Huyu Bhavna alikuwa mkwe wa mzee Ishwarlal, mke wa mwanawe Sanket. Tangu aolewe alivaa miwani minene kama kitako cha chupa, na bila hiyo hakuweza kutofautisha mteja na gunia mlangoni. Sasa karudi macho matupu, amesimama kaunta anasoma bango la gereji ng'ambo ya barabara! Roho ilimuuma Asteria, tena si kidogo. Kwa nini yeye? Mtu ambaye hata kifungo hajawahi kushona.

"Wamekufanyaje, dada Bhavna?" aliuliza Asteria, Mama Donatus kwa watu wa dukani, kwa sauti tamu.

"Kwa mwanga tu, Mama Donatus. Mimi nalala, jicho wazi, dakika moja, basi."

Mtu mwingine angeelewa kuwa ni mwanga wa mashine, ule wa leza, unaochonga ngozi angavu ya mbele ya jicho mpaka mtu aone mbali. Lakini Kiswahili chetu kina mwanga mwingine, yule anayezunguka uchi kwenye nyua za watu usiku, na Asteria alimsikia huyo.

"Yuko wapi huyo?"

"Iko Bombay. Huku hakuna. Lakini wewe haitakusaidia, mama. Yangu ilikuwa haioni mbali, yako haioni karibu. Hiyo ni umri, inakuja kwa kila mtu. Miwani ya kusomea inatosha."

Maneno ya kweli matupu, na yalipotea bure. Asteria alisikia mtu aliyeshiba akimwambia mwenye njaa kuwa chakula kile hakimfai. Eti huku hakuna! Mwanga akosekane Usukumani?

Jumapili alipanda lori hadi Rwamgasa, akaulizia kwa wachimbaji mpaka akaonyeshwa kwa Masele, mzee aliyewaagulia kabla hawajashuka duarani, kama wanavyoliita shimo la dhahabu. Alimkuta mchana kweupe kando ya duara lililoachwa baada ya kufukia watu wanne. Palinuka baruti, ingawa hakuna aliyelipua mwamba pale kwa miaka.

"Unataka nini, mayu?" alimuuliza, yaani mama kwa Kisukuma.

"Macho. Ya Bhavna."

"Kama ya Bhavna, au ya Bhavna?"

Asije mtu akaniambia kwamba Asteria hakuelewa swali. Alilielewa vizuri.

"Ya Bhavna," alisema.

Masele akateka maji ya duara, akamnawisha uso. Chini kule, mahali pasipokuwa na mtu, kitu kikavuta pumzi ndefu.

Tangu Jumatatu ile, Asteria akifumbua macho aliona ukungu uleule. Akifumba, aliona kila kitu, lakini kutokea kaunta, kwa macho ya Bhavna: aliona mgongo wa Melania, cherehani mbili, mikono yake mwenyewe na tundu la sindano likiwa safi. Na Bhavna hakujua kwa nini shingo yake inageukia barazani kutwa nzima, wala kwa nini inauma akijaribu kuigeuza.

Sare zikarudi kwa Asteria. Angetosheka hapo, pengine tusingekuwa na hadithi. Lakini alianza kufumba macho hata nyumbani kwake, aangalie jiko la Bhavna, bangili za Bhavna, na Sanket akimletea mkewe chai huku akitabasamu, tabasamu ambalo Asteria hakupewa na mtu yeyote maishani. Aliangalia huku meno yameumana. Na kila alivyozidi kuangalia, Bhavna alizidi kujigonga milangoni, akamwaga chai, akashindwa kuhesabu vidole vya mumewe, mpaka siku moja saa sita mchana, Asteria akiwa amefumba macho yake, Bhavna alisogea mbele ya kioo cha kabati kujitazama, na Asteria akauona uso ule mzuri, na ndani ya mboni ya jicho, mbali sana, kana kwamba mboni ni mdomo wa shimo, akaona kitu kimejikunja, kimelowa, kinapanda taratibu kwa mikono, kikisimama kupumzika, kikipanda tena, na harufu ya baruti ikamjaa puani yeye aliyekuwa nusu maili kutoka pale.

Kesho yake Bhavna alimshika mkono, akanong'ona, "Mama Donatus, kuna mtu ndani ya jicho yangu. Mimi nafumba, yeye hafumbi. Daktari anasema jicho nzima."

Asteria akaenda Samuye kwa Bibi Euphrasia, mganga, akamweleza yote.

"Jini hili umelialika kwa mdomo," Euphrasia alisema polepole. "Nenda kwa mwenye macho, umwambie ulichoomba. Ukisema, litarudi shimoni. Ukinyamaza, litahesabu wewe ndiye mwenyeji wake."

Alikwenda. Namhesabia hilo. Alipofika mlangoni, Bhavna alikuwa haoni kabisa, ameketi kwenye mkeka, na Sanket amepiga magoti akimlisha wali kwa mkono wake, akipuliza kila tonge, akimfuta kidevu kwa upindo wa shati. Asteria alikuwa na sentensi yake tayari mdomoni. Akawatazama. Roho ikamuuma kuliko siku ya bango la gereji. Hata upofu wa mwenzake aliuonea kijicho.

"Nimepita kuwajulia hali tu," alisema.

Bhavna akageuza uso kuelekea sauti, akatabasamu kwa uchovu. "Ahsante kuja. Shikamoo, mama."

"Marahaba," ilijibu sauti nzito ya mwanamume mzee.

Sanket aligeuka haraka kumtafuta huyo mwanamume. Mlangoni alikuwa amesimama Asteria peke yake, mikono miwili imeziba mdomo.