Msimbo wa Macho Makavu

Ijumaa, saa nne na dakika tano asubuhi, Daktari Kipkemboi alifungua rekodi ya Aminah kwenye kompyuta ya kliniki ya macho, Kakamega mjini, akasoma kitu ambacho hakukiandika.

Jumanne alikuwa ameandika: jicho limeungua kwa dawa ya magugu, apelekwe Kisumu haraka. Sasa rekodi ilisema H04.123, msimbo wa macho makavu, na barua ya rufaa ilikuwa imefutwa. Mama wa watu alikuwa amepewa kichupa cha matone akarudishwa nyumbani Ekero, siku tatu nzima, jicho likizidi kuharibika. Ambulensi ya Kisumu ilikuwa inaondoka saa sita kamili.

Bahati nzuri, siku hiyo Cherotich, mkaguzi wa rekodi, alikuwepo. Mwanamke yule si wa kuchezea. Ukimdanganya anakutazama tu, mpaka useme ukweli mwenyewe.

"Nani anaweza kurudisha rufaa?" alimuuliza Kipkemboi.

"Meneja, Bwana Phineas, lakini amekataa. Anasema macho makavu hayapandi ambulensi. Au wewe, madam, ukithibitisha rekodi imechezewa."

"Basi nipeleke kwa mgonjwa."

Aminah, aliyekuwa amerudi asubuhi hiyo kwa maumivu, alikuwa kwenye benchi, amevaa miwani nyeusi. Walisalimiana kwa salaam, akaivua. Machozi yalikuwa yanamtoka upande wa kulia tu. Kipkemboi alipomulika tochi, jicho la kulia lilijikunyata. La kushoto liliendelea kutazama dirishani kwa utulivu. Cherotich aliandika hilo kwenye daftari.

"Nilikuwa napalilia miwa," Aminah alisema, "wale watu wa pampu wakapita, upepo ukaniletea dawa usoni. Walivaa ovaroli za kijani, zenye picha ya kinyonga mgongoni. Binti yangu, nisaidie. Nikilikosa hili, sina kitu."

Kompyuta ilionyesha kwamba msimbo ulibadilishwa Jumanne, saa saba na dakika kumi na mbili mchana, kwa jina la Awinja, karani wa misimbo. Kliniki nzima ikamgeukia. Awinja alikuwa analia hata kabla ya kuulizwa.

"Saa saba nilikuwa kantini, madam. Nilikuwa nakula obusuma."

"Na pasiwadi yako?"

"Iko chini ya kibodi. Kila mtu anajua. Tunashikilianangi kazi mtu akienda kula."

Cherotich alishusha pumzi. Uzembe wa namna hii humkera kuliko wizi wenyewe. "Hii tatu ya mwisho ni ya nini?"

"Inasema upande. Moja ni kulia, mbili ni kushoto, tatu ni yote mawili. Mimi siandikangi upande kabla sijamwangalia mgonjwa na kumuuliza. Huyu mama singemwandikia tatu hata nikiwa usingizini, kwa sababu..."

"Inatosha. Hiyo sababu usimwambie mtu." Akamgeukia Kipkemboi. "Na wewe, saa saba?"

"Nilienda nyumbani, Shieywe. Nilikula peke yangu."

"Kwa hiyo hakuna aliyekuona."

"Hakuna," daktari alijibu, akatazama sakafu.

Saa tano na nusu Cherotich aliingia kwa meneja. Phineas alikuwa anakunywa chai chini ya kalenda kubwa yenye picha ya kinyonga. Hakusimama.

"Madam, tunapoteza wakati. Awinja alikosea mwanzo, akajirekebisha. Basi."

"Ulimwona mgonjwa Jumanne?"

"Nilimwona mimi mwenyewe, pale mapokezi. Macho makavu, mekundu kama pilipili."

"Macho yote mawili?"

"Yote mawili. Kulia na kushoto."

"Niandikie hivyo, utie sahihi."

Phineas aliandika kwa madaha, akasukuma karatasi mezani. Cherotich akafungua mlango. Aminah aliingia ameshikwa mkono na Awinja, Kipkemboi nyuma yao.

"Mama, muonyeshe meneja jicho lako la kushoto."

Aminah alivua miwani, akaligonga jicho kwa ukucha. Ti, ti, ti. Lilitoa sauti ya kikombe.

"Hili ni la bandia, mwanangu. Niliwekewa nikiwa msichana. Miaka hiyo yote halijawahi kuwa jekundu hata siku moja."

Chai ya Phineas ilimwagikia kalamu zake.

"Daktari alimpima," Cherotich alisema, "na karani alimuuliza. Wote wawili wanajua mama huyu ana jicho moja. Aliyeandika tatu hakuwahi kumwona. Na wewe umetia sahihi sasa hivi kwamba jicho la bandia lilikuwa jekundu. Haya, tueleze kuhusu kinyonga."

Phineas alitazama kalenda, akatazama mlango. "Ni kampuni ya shemeji yangu, George. Nina hisa. Mtu akiumizwa na dawa shambani lazima iripotiwe, serikali ingetufungia msimu ukiwa katikati. Macho makavu hayaripotiwi. Awinja alipoenda kula nikaingia kwa kompyuta yake. Nilidhani matone yatamtosha."

"Ulidhani niko na la akiba," Aminah alisema. "Ungetoka hapo kwa kiti uniangalie tu."

Awinja alikuwa ameshaacha kulia. Alikimbilia kompyuta, akarudisha msimbo wa kuungua na barua ya rufaa, Cherotich akatia sahihi. Saa sita kasoro dakika nane Aminah alipanda ambulensi. Saa sita na robo Phineas alipanda gari la polisi, na hakuna aliyemsindikiza.

Wiki sita baadaye Aminah alirudi kliniki peke yake, bila mtu wa kumshika mkono. Akaenda moja kwa moja hadi kwa meza ya Awinja, akainua kibodi, akachungulia. Hapakuwa na karatasi ya pasiwadi.

"Vizuri," alisema. "Sasa niandikie nikiangalia."

Awinja alicheka, akamgeuzia kompyuta. Aminah aliinama, akaufuata msimbo kwa kidole, polepole, mpaka tarakimu ya mwisho.

"Moja," alisoma kwa sauti, benchi zima likamsikia. "Kulia. Hilo ndilo langu."