Figo za Lokendra

Siku hiyo wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakipima presha bure pale Ratna Park, katikati ya Kathmandu, na watu walisukumana kufikia turubai lao. Rasmila Maharjan, gauni la buluu na aproni iliyopigwa pasi ikasimama wima, alikuwa akisifiwa na walimu kwa kutokosea kipimo. Kijana mwenye koti jeusi la ngozi bandia aliketi mbele yake.

"Napumzisha miguu tu, sista. Mimi siumwi."

"Kutoumwa si afya. Lete mkono."

Alipima, akarudia mkono wa pili. Presha ilikuwa ya mzee, na mwenyewe hakufika miaka thelathini.

"Unafanya kazi gani?"

"Kufunga vyuma, Uarabuni. Juani kutwa."

"Na maji mlikuwa mnakunywa?"

"Msimamizi alikunywa, sisi tukamtazama." Akacheka. "Usinikazie macho hivyo, nitakupenda."

"Penda ukishapima mkojo. Figo zako zinanitia wasiwasi."

Alipenda kwanza. Aliitwa Lokendra Bohara. Majira yote ya mvua walikula momo pamoja huko Patan, vile vitumbua vya mvuke vyenye nyama ya nyati, wakigombania bakuli moja la achari, na kila walipoagana Rasmila alikuwa hajavua viatu mlangoni kwao simu inaita.

"Umefika, kipenzi?"

"Nimefika. Umepima?"

"Wenzangu huulizwa kama wamekula."

"Umepima, Loke?"

Hatimaye akajibu kwamba amepima. Anayerudi Uarabuni hapati kibali bila kupimwa, naye alipita: damu safi, mkojo safi, muhuri umegongwa. Rasmila aliamini muhuri. Uwanja wa ndege alimvisha shada la maua ya njano, kama wanavyovishwa wote wanaokwenda.

Miezi ilipita, Lokendra akapiga simu akiwa na sauti ya uchangamfu.

"Nikuchekeshe. Mkojo ule ulikuwa wa binamu yangu Bhim. Niliubeba ndani ya koti usipoe."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Ngoja, kuna na jingine..."

Hakungoja. Alijiona amefanywa mjinga katika jambo pekee alilolijua sawasawa. Alikata simu, akaifungia namba ile isimpate tena.

Hilo jingine alilisikia majira ya baridi, alipopangwa zamu wodi ya kusafishia damu. Kwenye kitanda cha dirishani alilala Lokendra, aliyerudishwa kutoka Uarabuni, uso umevimba, mabega yamepungua ndani ya koti lilelile.

"Sista," alisema, "safari hii ningekupa mkojo wangu mwenyewe, ila hautoki tena."

"Siku ile ulitaka kuniambia nini?"

"Kwamba viatu havinienei, miguu imejaa. Nilianza na mzaha nipate pa kuingilia."

Rasmila alirekebisha mrija usiohitaji kurekebishwa. Wiki chache baadaye, kando ya kitanda hichohicho, alisema, "Mama yako ana kisukari, hawezi kutoa figo. Ya Bhim haikulingana. Yangu inalingana, nimeshapima."

"Nani atakuruhusu? Wewe si ndugu yangu."

"Mke anaruhusiwa."

"Basi tuoane leo unipe kesho."

"Lazima tuwe tumeishi kwenye ndoa miaka miwili. Serikali inaogopa wanaouza figo."

 Asubuhi hiyo Rasmila alikuwa ameitazama picha ya moyo wa Lokendra, ulivyotanuka, na alijua moyo wa namna hiyo haufiki miaka miwili.

"Mpenzi, daktari amenieleza," Lokendra alisema taratibu. "Usinifiche."

"Sikufichi. Nioe."

"Nikufanye mjane wa nini?"

"Hivi unavyoniona nitakuwa nani, nisipokuwa mkeo?"

Alitoa mfukoni pakiti ya unga mwekundu, ule ambao kwao bwana harusi humpaka bibi harusi utosini, aliyoinunua kichochoroni nje ya hospitali. Mkono mmoja wa Lokendra ulikuwa na sindano, kwa hiyo Rasmila alipiga magoti, akainamisha kichwa kwenye ule mwingine. Lokendra akampaka. Unga uliingia kwenye mstari wa nywele, mwingine ukamwagika kwenye aproni.

"Nimekuchafua," Lokendra alisema.

"Acha."

Mashine ikaendelea kuzungusha damu. Lokendra alikuwa amesinzia kabla haijamaliza, na Rasmila, aliyejua usingizi huo ulitokana na ule moyo uliochoka, hakumwamsha.