Mkato Shavuni

Kontesilo, mfua fedha wa mji wetu wa Tolosa, alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Mihuri yote ya kupigia sarafu za mji aliichonga yeye.

Kiangazi kimoja ziwa takatifu lilirudi nyuma, Kontesilo akaona sarafu imelala kwenye tope. Fedha safi ya kale, isiyopatikana tena, na uso wa mtu uliopigwa juu yake una mkato wa patasi shavuni. Kwetu kila mtoto anajua: kinachotolewa kwa ziwa hukatwa kwanza, kisiwe tena cha mtu. Kontesilo alijua kuliko sote, maana mkataji ni yeye. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Binti yake wa pekee, Banona, alikuwa anaolewa baada ya siku tatu. Akaufukia mkato kwa nyundo, akatoboa tundu, akaitia kamba, akamvisha shingoni.

"Baba, mbona haipati joto?"

"We naye! Vaa, wakwe wajue umetoka kwa nani."

Kesho yake mkato ulikuwa umerudi. Akaugonga tena, akamvisha. Siku iliyofuata Banona alikuwa anakanda unga wa shayiri, mama yake, Venimara, akamshika kidevu.

"Umejikata na nini?"

"Sijajikata, mama."

Shavuni palikuwa na mstari mmoja, umenyooka. Hautoki damu.

Kontesilo aliikata kamba, akakimbia, akaitupa sarafu ziwani. Aliporudi aliikuta shingoni mwa binti yake. Akaitupa tena. Ikarudi tena. Mwanamume yule akakaa chini akalia.

"Fanya kitu, baba Banona," Venimara alinong'ona.

"Nifanye nini? Aliyekatwa si wetu tena."

Siku ya harusi, jua likiwa utosini, Banona aliinuka katikati ya wageni. Akatembea kuelekea ziwani. Wanaume sita walimshika, nami nikiwa mmoja wao. Alituburuta. Baba yake alimkumbatia miguu, lakini vidole vyake vilifunguka vyenyewe, kimoja kimoja. Maji yalimfunika, hayakutoa hata povu.

Kiangazi kilichofuata Kontesilo aliniita, akafumbua kiganja. Sarafu mpya, ameiokota topeni. Uso wa msichana. Mkato shavuni.

"Muhuri huu sikuuchonga mimi," alisema. "Ishike."

Niliishika. Ilikuwa na joto, kama imevuliwa shingoni mwa mtu sasa hivi.