Mluzi wa Saa Tisa

Karani alikuwa na punje ya hindi mdomoni mluzi ulipolia.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limejaa sebuleni, na fundi alikuwa anapiga pindo la sketi ya shule. Mluzi ulitoka nyuma, mwisho wa korido, sauti mbili, ya chini kisha ya juu. "Nipo, baba," fundi akajibu bila kuinua macho. Cherehani ilienda hatua tano au sita hivi, ndipo mguu wake ukasimama wenyewe kwenye pedeli. Akamtazama ndege. Karani, kasuku wake, alikuwa juu ya tundu lake, ameshika kipande cha hindi la kuchemsha kwa mguu mmoja, na punje bado ilikuwa imebanwa mdomoni. Hakuna ndege anayepiga mluzi na mdomo umejaa.

Chumba cha mwisho wa korido kilikuwa cha baba yake, na baba yake alikuwa amezikwa miezi minne iliyopita.

Aliinuka akaenda kuangalia, maana hakuwa mwanamke wa kutishwa na mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vilevile alivyokiacha, dirisha limefungwa. Alichokuta ni harufu tu, ya kitambaa kilichounguzwa na pasi. Akarudi mbio kuitazama pasi yake. Ilikuwa ya baridi, na waya wake umeviringishwa.

Wanaodhani kufuga kasuku ni kumwekea mbegu na kumfundisha matusi hawajawahi kuishi na huyu wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Karani alikuwa na ratiba kali kuliko ofisi nyingi. Asubuhi alibadilishiwa maji na gazeti la chini ya tundu, akapewa karoti, majani mabichi na kipande cha papai. Mbegu za alizeti alihesabiwa, kwa sababu zikimzidi ananenepa. Parachichi halikuruhusiwa kukatwa karibu naye, ni sumu kwake. Kila siku ya pili alinyunyiziwa maji kwa ile chupa ya kulowanishia nguo za kupiga pasi, naye akatanua mabawa na kujigeuza kama bwana mkubwa aliyekwenda kwa kinyozi. Zaidi ya yote alitaka kuitikiwa. Kasuku wa aina hiyo akiita na asijibiwe, siku ya kwanza hununa, ya pili hukataa kula, na ya tatu huanza kujing'oa manyoya.

Jina la Karani alipewa na baba, kwa kuwa kila kilichosemwa ndani ya nyumba ile ndege alikiandika kichwani. Baba mwenyewe alifanya kazi kwenye treni ya mizigo miaka mingi, yeye ndiye aliyepuliza filimbi ya kuondoka, na hata alipostaafu midomo yake haikustaafu. Alipopatwa na kiharusi, maneno yalimwisha lakini mluzi ukabaki. Kwa miaka mitatu aliita hivyo kutoka kitandani, sauti mbili, na bintiye akajibu kutoka popote alipo, "Nipo, baba," kisha akaenda. Karani aliuokota mluzi huo ndani ya wiki moja. Mara ngapi fundi alikimbia korido na sindano mdomoni, akamkuta mzee amelala fofofo, na huku nyuma ndege anacheka kicheko cha zamani cha mzee yuleyule. Mzee akiamka, walicheka wote watatu, baba kwa macho.

Kuna jambo moja fundi hakumwambia mtu. Siku aliyokufa baba, kulikuwa na gauni la bibi harusi kwenye mashine na mwenyewe alikuwa njiani kulifuata. Saa tisa mluzi ulilia. Ukalia tena. Mara ya tatu fundi alipaza sauti bila kugeuka, akasema, "Karani, nyamaza, nina kazi." Alipomaliza pindo akageuka, na Karani alikuwa amelala, kichwa amekizamisha mgongoni. Alikimbia. Baba alikuwa bado na joto.

Kwa hiyo mluzi uliporudi, fundi aliogopa, ndiyo, lakini ndani ya woga ule mlikuwa na furaha ya aibu. Amepewa nafasi ya kujibu.

Siku ya pili alijibu tena, na ya tatu ulilia si kutoka chumbani bali kutoka mlango wa stoo, katikati ya korido. Siku ya nne na ya tano palikuwa na sauti ya kandambili zinazoburutwa sakafuni, na hapo moyo ulimwambia kitu ambacho hakutaka kukisikia, kwamba baba baada ya kiharusi, kila aliposhikwa mkono kwenda chooni, aliburuta mguu wa kushoto tu, na hiki kilichokuwa kinakuja kiliburuta yote miwili, polepole, kama mtu anayejifunza. Siku ya sita alikuwa jikoni anamkatia Karani karoti, ndege yuko begani kwake, mdomo wake umegusa ndewe ya sikio kama alivyozoea, na mluzi ukalia pale kwenye kizingiti cha jikoni, hatua tatu kutoka mgongoni kwake, na harufu ya kitambaa kilichoungua ikajaa mpaka macho yakamchoma, naye kwa uchungu na hamu na ile hatia ya miezi minne akajibu kwa sauti ya chini sana, "Nipo, baba. Njoo."

Vifuniko vya sufuria vilitikisika vyote kwa pamoja, kisha vikanyamaza. Karani aling'oa unyoya kifuani kwake, akautupa kwenye karoti.

Tangu siku hiyo fundi hakutoka nje. Si kwamba mlango ulifungwa na kitu. Funguo alikuwa nazo, kitasa kilizunguka vizuri. Lakini kila aliposhika kitasa, mluzi ulilia nyuma yake mara tatu, upesiupesi, kama siku ile ya gauni, na miguu ikakataa. Angemwacha vipi anayemwita, mara ya pili? Alirudi akakaa. Wateja walipokea nguo zao dirishani na kumwambia amekonda. Sokoni alituma watu. Ndege naye alizidi kujinyonyoa, kwa sababu sasa akiita, fundi hakujua kama ni yeye au ni kile, na mara nyingi hakumjibu yeyote.

Mdogo wake alikuja kumtazama baada ya wiki mbili za kuongopewa kwamba kazi ni nyingi. Alimkuta Karani kifua wazi, ngozi imebaki kama ya kuku wa dukani, na dada yake amekaa kwenye kiti cha cherehani akiipa mgongo korido. Alianza na mzaha, kwamba mmoja kati yao wawili anahitaji sweta. Kisha akanusa hewa, na mzaha ukamwishia. Alivuta kiti karibu kabisa, akanong'ona.

"Dada, nani yuko huko nyuma?"

"Unamsikia na wewe?"

"Sisikii kitu. Lakini hujageuka hata mara moja tangu nimeingia."

Fundi alimsimulia, isipokuwa habari za gauni. Mdogo mtu hakubishana. Alikwenda akamleta mtengeneza saa wa barabara ya pili, ambaye watu walijua kwamba anatengeneza na vitu vingine, kazi aliyoachiwa na bibi yake. Alikuwa bwana mfupi, mkavu, ameisahau ile lenzi yake kwenye paji la uso. Hakuchoma kitu wala hakuomba kuku. Alitembea korido nzima akigonga ukuta kwa kucha na kusikiliza, alivyosikiliza saa za watu maisha yake yote, akarudi akakaa mbali na kiti cha cherehani.

Alieleza kwa upole kwamba marehemu hapigi mluzi. Hiki ni jini, na majini wa namna hii hukaa karibu na watu wakisikiliza tu, mpaka wasikie mtu anaitwa na haitiki. Hapo huona pengo, wakaliingia.

"Kila unapokijibu unakisogeza," alisema. "Sasa kiko jikoni. Kikifika kwenye kiti chako, mama, wewe hutakuwa na pa kukaa."

Fundi aliuliza afanye nini. Jibu lilikuwa fupi. Siku ishirini na moja asijibu. Ongea na ndege, imba, gombana na wateja, lakini mluzi ukilia saa tisa, kimya. Kisipojibiwa kitasahau njia. Kisha mtengeneza saa akamtazama usoni kwa muda.

"Jambo moja. Kukijibu ni kukijibu, kukikaribisha ni zito zaidi. Umewahi kukikaribisha? Umewahi kukiambia neno la kukiita kije?"

Mdogo wake alikuwa amesimama pale, anamtazama. Fundi aliona jikoni, karoti, unyoya. Aliona aibu kuliko alivyoona hofu.

"Hapana," akasema.

"Basi vizuri. Lakini huyo kasuku ahame kwa siku hizo. Hana kosa, ila nyumba inatakiwa iwe na mdomo mmoja tu."

Mdogo wake alijitolea kumchukua siku hiyohiyo, akaahidi hata kumhesabia alizeti. Fundi alikataa. Alisema ndege mwenye hali ile akihamishwa atakufa, na hilo lilikuwa kweli. Jingine hakulisema, kwamba koo la Karani ndilo mahali pekee duniani palipobaki kicheko cha baba yake. Mtengeneza saa alivuta pumzi kama fundi mwenzake anayeona mteja anachagua kitambaa kibovu, akaenda zake.

Ili asijiponze kwa mazoea, fundi alitafuta dawa yake mwenyewe. Kila siku ikikaribia saa tisa alisokota pamba, akaziba masikio yote mawili, akafunga kilemba juu yake, akakanyaga pedeli kwa nguvu zote, akishona kipande kilekile cha kitambaa kisichokuwa cha mtu. Alishona nusu saa bila kusikia kitu ila mtetemo wa mashine kwenye mifupa. Kisha alizibua masikio, na nyumba ilikuwa tulivu.

Harufu ilipungua. Kandambili hakuzisikia tena. Siku ya kumi alifika hadi mlangoni, akafungua, akasimama nje akiota jua. Na Karani, jambo lililomliza kwa furaha, alianza kuota manyoya. Alikula, alioga, alicheka kile kicheko. Fundi alimwandikia mdogo wake ujumbe kwamba hata ndege anajua mambo yamekwisha. Ndege mwenye upweke angeendelea kujinyonyoa. Huyu alikuwa na raha ya mtu aliyepata wa kuzungumza naye.

Siku ya ishirini na moja, mdogo wake aliahidi kuja saa tisa na robo na keki. Fundi alisokota pamba kama kawaida, akaitazama mkononi, akaiweka chini. Alitaka kusikia kimya kwa masikio yake. Alikaa kwenye kiti, miguu kwenye pedeli, mikono juu ya meza ya cherehani. Karani alikuwa juu ya tundu lake, amekaa mkao wa kungoja, shingo ameinyoosha, na hakuwa anamtazama fundi. Alitazama nyuma ya bega lake.

Mluzi ulilia.

Haukutoka chumbani wala jikoni. Ulitoka nyuma ya kisogo chake, karibu kiasi kwamba nywele zilizochomoza chini ya kilemba zilipeperuka, na fundi akauma midomo mpaka akaonja damu, akajiambia leo ndiyo ya mwisho, ni leo tu, kaa kimya, kaa kimya, na alikuwa amekaa kimya kweli, hakutoa hata pumzi, pale aliposikia sauti yake mwenyewe, tamu, ya chini, yenye uchungu wa siku ile ya karoti, ikisema bila haraka kutoka juu ya tundu, kwa ule urahisi wa jambo linalosemwa kila siku, "Nipo, baba. Njoo."

Siku ishirini, saa tisa, yeye akiwa ameziba masikio, Karani alikuwa anamjibia.

Alitaka kusimama. Kiti kilishuka kidogo, kama kinavyoshuka mtu mwingine anapokukalia mapajani, kisha uzito ukaendelea kushuka, ukapita nguo, ukapita ngozi. Pedeli ilianza kwenda. Fundi aliona miguu yake ikiikanyaga, aliiona vizuri kabisa, na hakuwa yeye anayeikanyaga.

Mlango ulibishwa. "Dada, upo?"

"Nipo," kinywa chake kikasema. "Ingia, mdogo wangu."

Mdogo wake aliingia na keki, akamkumbatia, akasema uso umerudi, akasema leo hakuna hata ile harufu. Fundi alimlilia kwa nguvu zote kutoka mahali alipokuwa, mahali padogo penye giza ambapo alisikia kila kitu. Kinywa kikatabasamu na kuomba kisu cha kukatia keki.

Karani alishuka kutoka juu ya tundu. Alitembea ukingoni mwa meza hadi mbele ya mwanamke aliyekaa kwenye kiti, akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Manyoya yake yalisimama. Akarudi nyuma hatua mbili, akapiga mluzi, sauti mbili, ya chini kisha ya juu, alivyokuwa akimwita fundi tangu zamani ili ajue yuko chumba gani.

Mwanamke aliendelea kukata keki.

"Dada," mdogo wake akasema huku akicheka, "mbona humjibu ndege wako?"

Karani akapiga mluzi tena, akainamisha kichwa, akasubiri.